Vifaa vya kuundia pedali ya gitaa: kabla hujaagiza ng'ambo, fungua sabufa mbovu

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya vijana hapa Dodoma, na nataka kujiundia pedali ya mkwaruzo, ile ya kukanyaga inayokwaruza sauti ya gitaa, kwa kufuata mchoro wa MXR Distortion+ nilioupata mtandaoni. Orodha inataka IC (chipu ya kukuza sauti) ya LM741, daiodi mbili za jemaniamu aina ya 1N270, potenshiometa (kifaa cha kitasa cha kuzungusha, kama volyumu) ya C500K na nyingine ya 50K, pamoja na swichi ya mguu ya 3PDT. Nimezunguka siku mbili, Majengo na katikati ya mji, jibu ni lile lile: hakuna, agiza nje. Fundi mmoja akanipa IC ya 4558 aliyoitoa kwenye sabufa mbovu, akasema ni ile ile tu. Nimeichomeka kwenye soketi ya 741, pedali iko kimya kabisa. Je, vifaa vya kuokota vinaharibu sauti? Na ni kweli bila vifaa orijino siwezi kuipata sauti ile?"

Marahaba, ndugu yangu. Kilichonigusa kwenye barua yako ni hizo siku mbili za kuzunguka juani, kwa sababu naamini vingi ulivyovitafuta ulivipita mlangoni. Vilikuwa ndani ya sabufa zilizorundikwa nje ya vibanda vya mafundi, ndani ya mixa za karaoke zilizokufa, ndani ya maboksi ya bodi za zamani chini ya meza. Wewe ulitaja majina yaliyo kwenye orodha, muuza duka akatafuta majina hayo, hakuyaona, akakuambia hakuna. Nitakuonyesha namna ya kuulizia kazi ya kifaa badala ya jina lake. Ukishaijua kazi, orodha ya vitu vya kuagiza kutoka nje itabaki na kitu kimoja, labda viwili.

Tuanze na ukimya wa pedali yako, maana najua ndio unaokuumiza. Fundi aliyekupa 4558 hakukupotosha kwa nia mbaya. Kwa kazi, 4558 inaifanya kazi ya 741 vizuri. Lakini 741 ina amplifaya moja ndani, na 4558 ina mbili. Zote zina miguu minane na zinakaa soketi moja, ndiyo sababu macho yanadanganyika. Mguu wa 2, wa 3 na wa 4 inafanana kwenye zote mbili. Baada ya hapo njia zinaachana: kwenye 741 umeme chanya unaingilia mguu wa 7 na sauti inatokea mguu wa 6. Kwenye 4558 chanya inaingilia mguu wa 8, na sauti ya amplifaya ya kwanza inatokea mguu wa 1. Mguu wa 7 ni mahali pa kutokea sauti ya amplifaya ya pili. Kwa hiyo wewe uliusukuma umeme wa volti 9 kwenye mlango wa kutokea sauti, na mlango wa umeme ukauacha wazi. Haikuwa na namna ya kuimba.

Dawa yake ni waya chache tu. Chanya iliyokuwa ikienda mguu wa 7 ihamishie mguu wa 8. Kila kilichokuwa kimeungwa mguu wa 6 kihamishie mguu wa 1, pamoja na rezista ya 1M (mega omu moja) inayorudisha sauti kwenye mguu wa 2. Nusu ya pili usiiache ikining'inia, maana inaweza kuanza kupiga kelele peke yake na kuichafua nusu ya kwanza: unga mguu wa 6 na wa 7 pamoja, halafu mguu wa 5 upeleke pale kati ya rezista mbili zinazogawa volti 9 kuwa 4.5. Na kwa kuwa IC ile ulishaiingizia umeme mahali pasipo pake, sikushauri uitegemee. Omba nyingine. Sabufa na mixa nyingi za bei ya chini zina 4558 mbili au tatu kwenye bodi ndogo ya toni, karibu na volyumu. Kama hutaki kugusa waya, tafuta TL071: hiyo inaingia kwenye soketi ya 741 moja kwa moja, mguu kwa mguu.

Sasa swali la sauti. Ni kweli kuna tofauti, na ina sababu inayopimika. 741 ni IC ya mwaka 1968, na ni nzito. Ukiitaka ikuze sauti mara mia mbili na zaidi, kama mchoro wako unavyotaka geini (kiwango cha kukuza sauti) ikiwa juu kabisa, haiwezi tena kuzifuata sauti nyembamba. Inaanza kuzipunguza kuanzia kama hezi 5,000 hivi kwenda juu. Ule ulaini wa Distortion+ ambao watu wanausifia, sehemu yake kubwa ni uzito huo wa 741. Ukiweka 4558 au TL071, ambazo ni nyepesi mara tatu hivi, mkwaruzo utatoka na ncha kali, wengine wanasema unachoma masikio. Dawa ni kapasita ndogo ya seramiki ya pikofaradi 33 ubavuni mwa ile rezista ya 1M. Inakata sauti nyembamba karibu mahali pale pale ambapo 741 ingezikata yenyewe. Haifanani asilimia mia: ukishusha geini, 741 inarudi kung'aa, lakini kapasita inaendelea kukata vile vile. Nimezisikiliza zote mbili kwenye amplifaya moja na gitaa moja, na geini ikiwa juu sikuweza kuzitofautisha bila kuangalia ipi imechomekwa. Angalizo moja dukani: kapasita ya pikofaradi 33 inaweza kuandikwa "33" au "330". Tarakimu ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na kwenye "330" hakuna sifuri ya kuongeza. Ukipewa "331" umepewa kubwa mara kumi, na pedali itasikika kama imefunikwa blanketi.

Kuhusu daiodi. Kazi ya daiodi mbili mwishoni mwa mchoro wako ni kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Wimbi likipanda mpaka kiwango fulani, daiodi inafunguka na kulimwaga ardhini (upande wa hasi wa sakiti), na hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Daiodi ya jemaniamu inafunguka mapema, kwenye volti 0.3 hivi, na inafunguka taratibu. Ya silikoni, kama 1N4148, inasubiri mpaka karibu volti 0.6 na inafunguka kwa ghafla zaidi. Kwa hiyo ukitumia silikoni pedali itatoa sauti kubwa zaidi, mkwaruzo wenye kingo. DOD 250, pedali nyingine inayoheshimika sana, ina sakiti inayokaribiana mno na hiyo unayoijenga, na yenyewe imetumia silikoni. Watu wanailipia pesa nzuri. Kwa hiyo anza na 1N4148. Zimejaa kwenye bodi za redio na dek za zamani: ni kikioo chekundu-chungwa, chembamba kama punje ya mchele, chenye mstari mweusi upande mmoja. Ukipenda kujaribu, weka LED nyekundu mbili badala yake. Zinafunguka volti 1.7 hivi, na pedali inapumua zaidi.

Ukiitaka jemaniamu kwa moyo wote, tafuta redio ya zamani ya transista, ile ya kabla ya IC, yenye AM. Kwenye hatua ya kuchuja sauti kutoka kwenye mawimbi kuna daiodi moja ya kioo, nene kidogo kuliko 1N4148, na ukiisogeza kwenye mwanga unaona ndani uzi mwembamba wa chuma uliogusa kijipande. Hiyo ndiyo yenyewe. Ukiweka mita kwenye alama ya daiodi itakuonyesha takribani 0.2 mpaka 0.35. Itoe kwa uangalifu, shika mguu wake kwa koleo kati ya kioo na moto, maana joto la solda linaiua upesi. Nikupe pia onyo la hapa kwetu, kwa sababu najua baada ya pedali hii utataka kujenga fuzi (pedali ya mkwaruzo mzito, si fyuzi ya umeme) ya transista za jemaniamu. Transista hizo huvuja umeme, na uvujaji huo unakaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Fuzi uliyoitegesha ikaimba vizuri usiku wa Julai hapa Dodoma, wakati watu wamevaa masweta, inaweza kukwama na kukoroma mchana wa Novemba. Fuzi ya kwanza jenga kwa silikoni.

Potenshiometa ndiyo mahali pa kukaa tukaelewana vizuri, kwa sababu hapa watu wengi hukata tamaa. Herufi A, B na C zinaeleza namna omu za kifaa zinavyopanda unapokizungusha. B hupanda sawasawa. A hupanda polepole kisha kwa kasi. C ni kinyume cha A, na C ni adimu kweli kweli. Kwa nini mchoro unaitaka? Geini ya sakiti yako ni 1M gawa kwa jumla ya rezista ya 4.7k na potenshiometa, ongeza moja. Potenshiometa ikiwa 500k yote, geini ni 3. Ikishuka mpaka nusu, 250k, geini ni 5 tu. Ikifika 50k ni 19. Ikifika sifuri ni 214. Unaona? Ukiweka B500K, kitasa utakizungusha karibu chote bila kusikia lolote la maana, halafu mkwaruzo wote unakurukia kwenye kipande cha mwisho. C inasambaza mabadiliko hayo vizuri.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni A500K iliyoungwa kinyume. Mpando wake utakuwa ule ule unaoutaka, ila kitasa kitaongeza mkwaruzo ukikizungusha kushoto. Wapiga bezi na solo wanaobadilisha volyumu za magitaa yao wakati mwingine wanazo, maana magitaa mengi ya pikapu za hambaka hutumia 500k. Ya pili, ambayo mimi ningeifanya leo jioni kama ningekuwa wewe, ni kuweka B50K. Hiyo imo kwenye sabufa ile ile iliyotoa 4558, mara nyingi ya miguu sita kwa sababu ni ya stereo, na wewe unatumia mitatu ya upande mmoja. Geini itaanzia 19 na kupanda mpaka 214, na kitasa chote kinafanya kazi. Utapoteza ile sehemu ya chini isiyo na mkwaruzo, lakini hiyo unaipata kwa kupunguza volyumu ya gitaa lenyewe. Sabufa yenye volyumu mbili za 50k inakupa na ile ya pili ya kutolea sauti. Kabla ya kulehemu, ipime: mita kwenye omu, mguu wa kati na wa pembeni, zungusha taratibu. Namba zikirukaruka, vumbi letu limeshaingia ndani. Tafuta nyingine.

Uliuliza kama vifaa vya kuokota vinaharibu sauti. Rezista, daiodi, IC na kapasita za filamu, zile za plastiki ya kijani au kiboksi cha njano, hazizeeki kwa namna utakayoisikia. Zitumie kwa amani. Kapasita za elektroliti, zile za mkebe mdogo wenye mstari wa hasi, usiokote. Ndani zina majimaji, na joto la miaka mingi huyakausha. Hizo nunua mpya, za volti 16 au 25. Vifaa hivi vidogo unavipata kwa mafundi wa redio na kwa wauza vipuri, mradi uulize kwa lugha yao. Ukisema "mna vifaa vya pedali ya gitaa?" utajibiwa hapana. Sema "naomba kapasita za 473, 103 na 102, na rezista za robo wati, kilo nne pointi saba, kilo kumi, na mega moja." Nimeona kijana akifukuzwa na swali la kwanza na kuhudumiwa duka hilo hilo kwa swali la pili. Wanafunzi wa UDOM na wa VETA wanaofanya miradi ya elektroniki nao huwa na rezista za akiba. Waulize bila aibu, wengi watakugawia.

Jeki kubwa za milimita 6.35 hazina shida kwa sababu ya maikrofoni. Kwa kasha, nenda duka la vifaa vya umeme wa nyumba ununue boksi la chuma la swichi, la inchi 3 kwa 6, na kifuniko chake kisicho na matundu. Ni chuma, na chuma kikiungwa na ardhi ya sakiti kinakinga muungurumo wa umeme. Kasha la plastiki litakuletea mvumo kila ukisogea karibu na taa.

Kinachobaki ni swichi ya mguu. 3PDT ina miguu tisa: safu mbili zinapitisha sauti, ya tatu inawasha taa. Hapa sikufichi, Dodoma ni kazi kuipata. Ya miguu sita inatosha kabisa ukikubali kuikosa taa. Pedali za Distortion+ za miaka ya 1970 zenyewe zilikuwa na swichi rahisi zaidi ya hiyo na hazikuwa na taa. Usidanganyike kuweka swichi ya taa ya kitandani: haikutengenezwa kukanyagwa na kiatu. Mtu wenu akienda Dar, na siku hizi SGR imerahisisha mambo, mpe picha na maelezo aitafute Kariakoo. Ikishindikana, ndipo uagize. Tayda ya Thailand na wauzaji wa AliExpress wanazo, ila gharama ya kutuma huizidi bei ya swichi moja, kwa hiyo ungana na wenzako wawili watatu muagize kwa pamoja. Humo ongeza C500K zako, na kama bado unazitaka, daiodi za jemaniamu. Ukizipokea zipime, kwa sababu nyingine huuzwa kwa jina hilo na si jemaniamu.

Umeme wa kuiendesha unastahili tahadhari. Pedali nyingi hutumia volti 9, na kwenye plagi ya adapta hasi iko katikati. Adapta nyingi za king'amuzi na ruta ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Ukichomeka hiyo bila kupima, unaweza kuiua IC papo hapo. Weka 1N4007 moja kwenye njia ya chanya, mstari wake ukielekea kwenye sakiti. Itakula volti 0.7 hivi, lakini ukikosea plagi haitapita kitu. Na kwa kuwa adapta za bei ya chini zina mluzi, tanguliza rezista ya omu 100 kisha kapasita ya maikrofaradi 220 kwenda ardhini. Kanisani utaisikia tofauti.

Sasa mambo ambayo hutakiwi kuyafanya peke yako. Usifungue televisheni ya kioo cha kizamani wala pawasaplai ya kompyuta kutafuta vifaa. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya pawasaplai hufika volti 325 hivi, nao hukaa kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya. Kwenye kioo cha televisheni ni maelfu ya volti. Hata sabufa, ichomoe, isubiri, na mara ya kwanza ifungue mbele ya fundi aliyezoea. Usijitengenezee adapta yako mwenyewe ya kuunga kwenye soketi ya ukutani. Na kama siku moja ukiwa umeshika gitaa midomo yako ikaguswa na umeme kwenye maikrofoni, zima kila kitu na usiendelee na ibada kwa kubahatisha. Hilo si tatizo la pedali. Ni ardhi ya jengo au ya amplifaya, na anatakiwa fundi umeme mwenye leseni aje akiwa na vipimo vyake.

Ukishahamisha waya na kuweka 4558 nyingine, usikimbilie kuchomeka gitaa. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye ardhi. Mguu wa 8 usome kati ya volti 8 na 9. Mguu wa 1 usome karibu na nusu ya hapo, volti 4 hadi 5 ni sawa, na wa 2 ufanane nao. Mguu wa 3 utasoma pungufu kidogo kwa sababu mita yenyewe inanyonya kwenye rezista za 1M, usishtuke. Mguu wa 1 ukiwa umeng'ang'ania juu kabisa au chini kabisa, kuna waya umekosea njia au solda imeunganisha miguu miwili. Hapo chukua bodi, mchoro na namba ulizopima, vipeleke kwa yule yule fundi aliyekupa IC. Akiziona namba hizo mezani atajua pa kuanzia.